Kidonge Kimoja, Majibu Mawili: Namna ya Kuzisoma Tafiti za Kinga ya VVU

Mwezi Aprili mwaka 2011, wanawake waliokuwa wakishiriki utafiti wa FEM-PrEP huko Bondo, magharibi mwa Kenya, waliarifiwa kwamba vidonge walivyokuwa wakipewa visingeendelea kutolewa. Kamati huru iliyopitia takwimu ilikuwa imeona kwamba hata utafiti ungefika mwisho wake, usingeweza kuonyesha kuwa dawa ile inazuia maambukizi ya VVU. Miezi mitatu baadaye, Julai mwaka uleule, kamati nyingine iliyofuatilia utafiti wa Partners PrEP, uliokuwa na vituo Kisumu, Thika, Nairobi na Eldoret, na ng'ambo ya mpaka Kampala, Jinja, Tororo, Mbale na Kabwohe, iliagiza vidonge bandia, yaani visivyo na dawa ndani, viondolewe, kwa kuwa dawa ilikwisha kuthibitika kuzuia maambukizi kiasi kwamba kumnyima mshiriki yeyote kungekuwa kumdhulumu. Dawa yenyewe ilikuwa ileile: tenofovir na emtricitabine ndani ya kidonge kimoja cha kumezwa kila siku. Kutoka Bondo hadi Kisumu ni mwendo wa gari usiofika saa mbili.

Msikilizaji wa redio aliyezipata habari hizo mbili ndani ya msimu mmoja alikuwa na haki ya kuguna. Ama dawa inafanya kazi ama haifanyi, na kama wataalamu wenyewe hawapatani, sisi wengine tumshike nani? Zaidi ya muongo mmoja umepita na swali hilo limejibiwa kwa kina, lakini jibu limebaki kwenye majarida ya kitaalamu huku mitaani kukibaki guno. Anayeelewa kwa nini Bondo na Kisumu zilitofautiana ataelewa pia kwa nini sindano mpya za kuzuia VVU zimepokewa kwa shangwe, na ni mahali gani shangwe hiyo inahitaji kupunguzwa kidogo.

Kwanza neno lenyewe. Kiswahili chetu kimelitwika neno kinga mizigo mingi: kinga ni uwezo wa mwili kupambana na maradhi, kinga ni kondomu, na kinga ni hatua yoyote ya kuzuia jambo kabla halijatokea. Ndiyo maana mtu akiambiwa kuna dawa ya kinga ya VVU, huenda akadhani ni chanjo, yaani kitu anachopewa mara chache kikaufundisha mwili wake kujilinda wenyewe. PrEP, kama dawa hiyo inavyoitwa kitaalamu, si chanjo. Ni dawa za kufubaza virusi, zilezile wanazotumia watu wanaoishi na VVU au za ukoo mmoja nazo, ila hapa hupewa mtu asiye na maambukizi, ili virusi vikiingia vikute dawa imekwisha kutangulia ndani ya seli ambazo vingezivamia. Dawa ikiisha mwilini, ulinzi nao unaisha, wala mwili haubaki na kumbukumbu yoyote. Jambo hilo likishikwa vizuri, nusu ya mkanganyiko huondoka.

Utafiti wa namna hii huanza kwa kura. Washiriki waliokubali kwa hiari hugawanywa na kompyuta, wengine wakapewa dawa na wengine kidonge bandia kinachofanana na dawa kwa rangi, umbo na ukubwa, na hakuna anayejua nani ana kipi, si mshiriki wala muuguzi anayemhudumia. Wote hupewa kondomu, ushauri, vipimo na matibabu ya magonjwa ya ngono. Kisha watafiti husubiri na kuhesabu, na asilimia zinazotangazwa hutokana na hesabu hiyo. Partners PrEP ilifuatilia jozi 4,747 za wenza, na katika kila jozi mmoja alikuwa na VVU na mwingine hana. Makundi yake matatu yalikaribiana kwa ukubwa, takriban jozi 1,580 kila moja. Kundi la kidonge bandia lilipata maambukizi mapya 52, kundi la tenofovir peke yake 17, na kundi la dawa mbili kwa pamoja 13. Kumi na tatu ni robo ya hamsini na mbili, maana yake robo tatu ya maambukizi yaliyotarajiwa hayakutokea, na hiyo ndiyo asilimia 75 iliyoandikwa magazetini. Haisemi kwamba kati ya watu 100 wanaotumia dawa, 25 wataambukizwa, ingawa tafsiri hiyo husikika hata kutoka kwa watu waliosoma.

FEM-PrEP kwa upande wake iliandikisha wanawake 2,120 wa umri wa miaka 18 hadi 35 huko Bondo, Pretoria, Bloemfontein na Arusha. Waliopewa dawa walipata maambukizi 33, waliopewa kidonge bandia 35. Kwa kipimo cha watafiti, yaani idadi ya watakaoambukizwa ikiwa watu 100 watafuatiliwa kwa mwaka mmoja, pande zote mbili zilikuwa karibu na watano. Watano katika mia kila mwaka ni janga, na dawa haikulipunguza.

Hapo ndipo damu ilipoulizwa. Wanawake wa FEM-PrEP walipohojiwa, 95 kati ya kila 100 walisema kuwa humeza kidonge mara zote au karibu mara zote. Vidonge vilivyorudishwa navyo vilihesabiwa. Hesabu ya vidonge ni shughuli ya wazi kabisa: mshiriki hurudi kliniki na kopo lake, mhudumu humimina vidonge kwenye sinia dogo la plastiki, huvisogeza vitano vitano kwa kijiko bapa, na tofauti kati ya vilivyotolewa na vilivyosalia huandikwa kuwa ndivyo vilivyomezwa. Kwa hesabu hiyo, dawa ilimezwa katika siku 88 kati ya kila 100. Lakini tenofovir huacha alama katika damu kwa siku kadhaa, na maabara ilipopima sampuli zilizohifadhiwa, ni chini ya wanawake 40 kati ya kila 100 katika kundi la dawa waliokutwa na dalili ya kuimeza karibuni. Sinia lilihesabu vidonge visivyorudi, halikuweza kujua vilikwenda wapi.

Utafiti wa VOICE, uliohusisha wanawake 5,029 katika Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, ulikuta hali mbaya zaidi. Dawa ilionekana katika takriban sampuli tatu tu kati ya kila kumi, na nusu au zaidi ya wanawake waliogawiwa vidonge au jeli yenye dawa hawakuwahi kukutwa nayo katika sampuli hata moja muda wote wa utafiti. Katika Partners PrEP, sampuli 82 kati ya kila 100 za wale ambao hawakuambukizwa zilikuwa na dawa. Hapo majibu mawili yanakoma kupingana. Kisumu dawa ilikuwa mwilini mwa watu, na Bondo kwa sehemu kubwa haikuwamo.

Ni rahisi kumalizia hapo kwa kusema wanawake walidanganya. Mimi naona neno hilo halitusaidii, na zaidi ya hapo linaficha mambo. Watafiti wa VOICE waliwarudia baadhi ya washiriki, wakawaonyesha majibu ya damu zao, kisha wakawaomba waeleze kilichotokea. Maelezo yaliyotoka yanafanana na maisha ya mtaa wowote. Walihofia kichefuchefu na madhara ambayo wenzao waliyasimulia wakiwa kwenye mabenchi ya kusubiri. Walihofia kuonekana, kwa sababu vidonge vilikuwa vya aina ileile wanayopewa wenye VVU, na kopo lililojaa vidonge hulia kama njuga mkobani, kiasi cha mtu mzima kuogopa kupanda basi nalo. Wengine waliogopa kwamba wakikiri hawatumii, watatolewa katika utafiti na kukosa vipimo na matibabu mazuri kuliko ya zahanati ya kawaida. Tuongeze uvumi kwamba damu inayochukuliwa inauzwa. Uvumi huo huziandama tafiti nyingi zinazochota damu, na kwetu una jina la kale, mumiani, na hauondolewi kwa kumcheka anayeuamini.

Tukumbuke pia walichoombwa kukifanya. Fomu ya ridhaa iliwaambia kweli tupu: hatujui kama dawa hii inazuia maambukizi, na huenda wewe umepewa kidonge kisicho na dawa. Kumeza kila siku, kwa mwaka mzima, kitu ambacho hata aliyekupa anakiri hajui kama kinafanya kazi, na ambacho kikionekana mezani jirani atakuita mgonjwa, si ombi dogo kwa binti wa miaka 22 anayeishi kwa wazazi wake au kwa mwanamume ambaye hajui lolote kuhusu utafiti huo.

Kuna jambo la pili lililowatenganisha wanawake wa Bondo na wenza wa Kisumu, nalo kwa maoni yangu ndilo kubwa zaidi. Takriban 70 kati ya kila wanawake 100 wa FEM-PrEP walijiona hawana hatari ya kuambukizwa VVU, au wana hatari ndogo tu, katika wiki nne zilizofuata. Hatari yao ilikuwa ya kitakwimu: ilitokana na eneo wanaloishi na umri wao, wala haikuwa na sura ya mtu. Katika Partners PrEP, kila mshiriki alijua kwamba mtu anayelala naye kitanda kimoja ana virusi. Jozi hizo zilikuwa na tatizo la nyumbani lenye jina: wabaki pamoja au waachane, wazae au wasizae. Kidonge kiliwapa njia ya kuilinda ndoa bila kuyahatarisha maisha ya mmoja wao, na mwenza mwenye VVU mara nyingi ndiye aliyekumbusha saa ya dawa. Hakikuwa siri ya kuficha chini ya godoro.

Kwa hiyo dai lililosikika sana wakati ule, kwamba PrEP huwafaa wanaume na miili ya wanawake wa Kiafrika huikataa, halikuwa na msingi. Wanawake walikuwamo ndani ya Partners PrEP, na kwao tenofovir peke yake ilipunguza maambukizi kwa asilimia 71, na dawa mbili kwa asilimia 66.

Ukanda wa Ziwa ulikwisha kutoa majibu mawili hata kabla ya hapo, na safari ile hakuna aliyeweza kuvisingizia vidonge visivyomezwa. Kati ya mwaka 1991 na 1994 mkoani Mwanza, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu pamoja na shirika la afya la AMREF na wataalamu kutoka London walizichagua jamii 12. Katika sita kati ya hizo, zahanati na vituo vya afya viliimarishwa: wahudumu walifunzwa kutibu magonjwa ya ngono kwa kufuata dalili, dawa zikafika bila kukatika, wasimamizi wakapita mara kwa mara. Baada ya miaka miwili, watu wazima walioambukizwa VVU katika jamii hizo walikuwa asilimia 1.2, ilhali katika jamii sita nyingine walikuwa asilimia 1.9. Pungufu ni takriban asilimia 40, na matokeo hayo yalipochapishwa mwaka 1995 yalizunguka dunia nzima. Ng'ambo ya mpaka, wilayani Rakai nchini Uganda, watafiti walikwenda mbali zaidi. Kila baada ya miezi kumi walipita nyumba kwa nyumba wakiwapa watu wazima dawa za magonjwa ya ngono, wawe na dalili au wasiwe nazo, nao wakazimeza papo hapo. Kaswende ilipungua. Maambukizi ya VVU yalibaki 1.5 kwa kila watu 100 kwa mwaka, pande zote mbili.

Wataalamu walibishana miaka mingi, na maelezo yaliyokuja kukubalika zaidi yanahusu wakati na mahali. Mwanza ya wakati ule ilikuwa na VVU kwa takriban asilimia 4 ya watu wazima, Rakai asilimia 16. Janga likiwa changa, virusi hupita zaidi kwa watu wenye wapenzi wengi, ambao pia ndio wenye vidonda na kaswende mara kwa mara, na ukivitibu vidonda hivyo unafunga mlango mpana. Janga likikomaa huwa limekwisha kuingia katika ndoa za kawaida, na mlango ule si mkuu tena. Zaidi ya hayo, vidonda vingi vya Rakai vilitokana na virusi vya malengelenge ya sehemu za siri, ambavyo dawa za bakteria hazivigusi. Na zahanati ya Mwanza ilikuwa wazi kwa mgonjwa siku yoyote aliyopata dalili, ambapo mtu wa Rakai aliyeambukizwa kisonono wiki moja baada ya watumishi kupita alikaa nacho hadi wapite tena, asipotafuta tiba kwingine. Ukiulizwa kama kutibu magonjwa ya ngono kunapunguza VVU, huna budi kuuliza nawe: wapi, na lini?

Mwili nao una neno lake, japo wengi hulipa uzito kupita kiasi. Mwaka 2010 utafiti wa CAPRISA 004 uliofanyika KwaZulu-Natal kwa wanawake 889, chini ya Quarraisha na Salim Abdool Karim, ulionyesha kwamba jeli ya tenofovir inayopakwa ukeni kabla na baada ya tendo ilipunguza maambukizi kwa asilimia 39. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwanamke kupata kitu cha kutumia bila kumwomba mwanamume ruhusa. Utafiti mkubwa zaidi wa jeli, FACTS 001, ulitoa jibu mwaka 2015 kwamba haukuona faida yoyote, na sababu kuu ilikuwa ileile ya kutotumika. Lakini sampuli za CAPRISA 004 zilipochunguzwa upya, likaonekana jambo ambalo halikutegemea nidhamu ya mtu. Kwa wanawake ambao bakteria wengi ukeni mwao ni wa aina ya laktobasili, jeli ilipunguza maambukizi kwa asilimia 61. Kwa wengine ilikuwa asilimia 18 tu, kwa kuwa bakteria wa aina ya Gardnerella huivunja tenofovir kabla haijaingia kwenye seli. Hilo ni tatizo la dawa inayopakwa pale pale walipo bakteria. Inayomezwa hupitia damuni, ingawa tenofovir ya kumeza hujikusanya kwa uchache zaidi katika tishu za uke kuliko katika tishu za njia ya haja kubwa, kwa hiyo mwanamke anayeruka siku ana nafasi ndogo ya kusamehewa.

Pete ya ukeni yenye dapivirine, inayovaliwa mwezi mzima, ilitoa majibu ya kati mwaka 2016: asilimia 27 katika utafiti mmoja, 31 katika mwingine, na karibu sifuri kwa wasichana wa miaka 18 hadi 21. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021 kama chaguo la ziada.

Mkanganyiko wa Depo, sindano ya uzazi wa mpango, ulikuwa wa namna nyingine, na inafaa tuutazame kwa sababu uliwagusa wanawake wengi kuliko PrEP yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2011, takwimu za wenza kutoka nchi kadhaa za Afrika zilionyesha kwamba wanawake waliotumia sindano hiyo walipata VVU karibu mara mbili ya wasioitumia. Habari hiyo ilienea haraka. Ugumu wake ni kwamba hakuna kura iliyopigwa: wanawake walijichagulia wenyewe njia, na anayechoma Depo hahofii mimba, kwa hiyo huenda akaacha kusisitiza kondomu. Je, ni homoni iliyoongeza hatari au ni kondomu iliyokosekana? Takwimu za kutazama tu haziwezi kuvitenganisha viwili hivyo kwa uhakika. Na kukosea kuna gharama pande zote mbili, kwani kuiondoa sindano inayopendwa kuliko njia nyingine zote katika nchi nyingi za ukanda huu ni kuongeza mimba zisizotarajiwa na vifo vya uzazi.

Kura ikapigwa hatimaye. Utafiti wa ECHO, ulioanza Desemba 2015 katika vituo 12 vya Afrika Kusini, Zambia, Eswatini na Kisumu nchini Kenya, uliwagawa wanawake 7,829 kwa bahati nasibu kati ya Depo, kitanzi cha shaba na vijiti. Baada ya maambukizi 397, mgawanyo ulikuwa 143 kwa Depo, 138 kwa kitanzi na 116 kwa vijiti. Watafiti walitangaza Juni 2019 kwamba hakukuwa na tofauti kubwa, na miezi miwili baadaye Shirika la Afya Duniani likaondoa tahadhari iliyokuwapo. Msomaji makini atalitazama neno 'kubwa': utafiti uliundwa ili uweze kuona hatari ikiongezeka kwa nusu au zaidi, na ongezeko dogo kuliko hilo lingeweza kuupita bila kuonekana. Hata hivyo, kilichowashtua wengi hakikuwa tofauti kati ya njia, bali jumla. Wanawake hawa walikuja kutafuta uzazi wa mpango, hawakuchaguliwa kwa kuwa na tabia hatarishi, na bado karibu 4 kati ya kila 100 waliambukizwa kila mwaka. Kliniki ya uzazi wa mpango na kliniki ya VVU, ambazo katika hospitali nyingi ni milango miwili yenye foleni mbili na kadi mbili, zilikuwa zikimhudumia mtu mmoja bila kujuana.

Sasa tuzifikie sindano. PrEP ilipokwisha kukubalika, maadili hayakuruhusu tena kumpa mtu kidonge bandia peke yake, hivyo majaribio mapya hulinganisha dawa na dawa. Utafiti wa HPTN 084 uliwapa wanawake 3,224 katika nchi saba za Afrika ama sindano ya cabotegravir kila baada ya wiki nane ama kidonge cha kila siku. Waliochomwa sindano walipata maambukizi 4, waliopewa vidonge 36. PURPOSE 1 ikafuata kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25 nchini Afrika Kusini na Uganda, na matokeo yake ya Juni 2024 yalikuwa hivi: kati ya wanawake 2,134 waliochomwa lenacapavir mara mbili kwa mwaka, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa.

Sifuri hiyo inahitaji kusomwa taratibu. Kwa kuwa hakukuwa na kundi la kidonge bandia, watafiti walilinganisha na kasi ya maambukizi waliyoikuta kwa wasichana zaidi ya 8,000 waliopimwa kabla ya utafiti kuanza, yaani 2.41 kwa kila watu 100 kwa mwaka. Sifuri iliyoonekana haithibitishi kwamba hatari ni sifuri. Kihesabu, kasi ya kweli ingeweza kufika 0.19, ambayo bado ni ndogo ajabu. Lakini tazama vidonge katika utafiti huohuo. Waliopewa kidonge cha zamani, kilekile cha Bondo, waliambukizwa kwa kasi ya 1.69, waliopewa kipya 2.02, na takwimu hazikuweza kuonyesha kuwa makundi hayo yametofautiana na wasiotumia chochote. Vipimo vya damu vilionyesha tena kwamba wengi wao hawakuwa wakivimeza. Ni Bondo ileile, miaka 13 baadaye. Sindano imeshinda kwa sababu imeondoa uamuzi wa kila asubuhi, kopo linalolia, na jirani anayeangalia.

Mabadiliko mengine yamepita bila kelele. Katika FEM-PrEP, mwanamke aliyepata mimba alisimamishiwa dawa. Katika HPTN 084 wanawake walitakiwa kwanza kutumia njia ya kuaminika ya uzazi wa mpango. Katika PURPOSE 1 aliyepata mimba aliruhusiwa kuendelea baada ya kuelezwa upya na kukubali, na mimba zaidi ya 500 zilifuatiliwa ndani ya utafiti. Ni haki iliyochelewa, kwa kuwa ujauzito na kunyonyesha ni nyakati ambazo mama akiambukizwa, mtoto naye yumo hatarini.

Julai 2025, mjini Kigali, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza lenacapavir. Bei iliyotangazwa Marekani ni zaidi ya dola 28,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka, wakati makubaliano na watengenezaji wa dawa zisizo za chapa yanalenga takriban dola 40 kuanzia mwaka 2027 kwa nchi 120. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2025 misaada ya Marekani, ambayo ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya PrEP barani, ilisitishwa, na iliporudishwa kwa masharti, PrEP iliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha pekee.

Zahanati itakayoipokea sindano hii itachoma sehemu mbili chini ya ngozi ya tumbo, itampa mteja vidonge viwili siku hiyo na viwili kesho yake, na itamwandikia tarehe ya baada ya miezi sita. Asiporudi, dawa haimwishi kwa siku moja. Hupungua polepole kwa miezi mingi, na akiambukizwa katika kipindi hicho, virusi vinaweza kuzaliana mbele ya dawa kidogo na kujifunza kuizoea. Washiriki wa PURPOSE 1 walipigiwa simu na kukumbushwa, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi walifika kwa wakati. Ni wangapi watafika bila simu ya mtafiti na kwa nauli yao wenyewe ni hesabu ambayo haimo katika majaribio yale, na rejista za zahanati ndizo zitakazoitoa.